Kinachoonekana Kwenye Kinyesi Si Minyoo Yote: Safari ya Yai Baina ya Mbwa, Paka na Binadamu

Minyoo inayoishi tumboni mwa mbwa na paka hugawanywa na wataalamu wa mifugo katika makundi mawili makubwa: ile ya mviringo, ambayo ndani yake mna michango na minyoo ya safura, na ile bapa yenye pingili, ambayo Waswahili tangu zamani huiita tegu. Mgawanyo huo una maana kubwa kwa mfugaji, kwa sababu dawa inayoua kundi moja mara nyingi haigusi kundi la pili, na kwa sababu kila kundi lina njia yake ya kufika tumboni mwa mnyama. Makosa mengi ya utunzaji huanzia hapo. Mfugaji humwona mbwa wake akitoa minyoo, hununua kidonge chochote, huiona minyoo imetoka, kisha huhesabu kwamba kazi imekwisha, ilhali iliyotoka ni ile iliyokuwa utumboni siku hiyo tu, na mayai iliyokwisha kuyataga yamelala uani yakisubiri kumezwa upya.

Mchango wa mbwa, ambao katika vitabu vya sayansi huitwa Toxocara canis, ndio unaojulikana zaidi kwa sababu huonekana kwa macho: ni mweupe, una urefu unaoweza kufika sentimita 10 hadi 18, na hujikunja mnyama anapoutapika au kuutoa kwa haja kubwa. Mnyoo jike mmoja huweza kutaga mayai 100,000 na zaidi kwa siku, na kila yai lina ganda gumu linalostahimili baridi, sabuni na dawa nyingi za kusafishia sakafu. Hata hivyo, yai hilo haliambukizi siku linapotoka. Lazima likae udongoni kwa muda wa wiki mbili au zaidi, kwa kutegemea joto na unyevu, mpaka ndani yake iumbike lava, yaani mnyoo mchanga usioonekana kwa macho, na likishafika hapo linaweza kubaki na uhai kwa miaka. Muda huo wa katikati ndio nafasi ya mfugaji, nayo haigharimu chochote ila koleo na dakika chache: kinyesi kinachozolewa kila siku na kutupwa katika shimo la choo huondoka na mayai ambayo bado hayajawa na madhara, ilhali kinyesi hicho hicho kikiachwa mpaka kikauke, kikaparuliwa na kuku na kusambazwa na mvua, hakuna dawa ya dukani itakayousafisha ua.

Jambo linalowashangaza wafugaji wengi ni kwamba mtoto wa mbwa huzaliwa akiwa na minyoo tayari. Mbwa jike anapomeza mayai akiwa amekomaa, lava nyingi hazikomei utumboni, bali hupenya na kujificha katika misuli na viungo vingine, ambako hulala kwa muda mrefu bila kumdhuru na bila kuguswa na dozi za kawaida za dawa. Anaposhika mimba, lava hizo huamka katika wiki za mwisho, hupita kwenye kondo la nyuma na kuingia katika maini ya watoto kabla hawajazaliwa, na nyingine huwafuata baadaye kwa njia ya maziwa. Watoto wakifikisha wiki tatu hivi, minyoo yao imekwisha kukomaa na kuanza kutaga. Hii ndiyo sababu ya ratiba ambayo madaktari wa mifugo huisisitiza, na ambayo kwa mtu asiyejua chanzo chake huonekana kama kupenda kuuza dawa: dozi ya kwanza wiki mbili baada ya kuzaliwa, kisha kila baada ya wiki mbili mpaka watoto waache kunyonya, halafu mara moja kwa mwezi hadi watimize miezi sita, na mama atibiwe pamoja nao kila mara, kwa kuwa yeye huwalamba na kumeza wanachokitoa. Mtoto wa mbwa aliyetunisha tumbo huku mgongo wake ukionyesha mifupa, ambaye mara nyingi husifiwa kuwa ameshiba, kwa kawaida ni mgonjwa.

Paka hutofautiana kidogo. Mchango wake, Toxocara cati, haupiti kwenye kondo la nyuma, bali huingia kwa maziwa ya mama na baadaye kwa panya na ndege anaowala, ambao nyama yao hubeba lava zilizolala. Kwa hiyo watoto wa paka huanza kupewa dawa wanapofika wiki tatu. Suala la minyoo ya paka lina uzito wa pekee katika miji ya pwani kama Lamu, ambako paka ni wengi mno vichochoroni na mbwa hawaingii majumbani, kwa kuwa Waislamu wengi wa pwani hufuata madhehebu ya Shafii, ambayo humhesabu mbwa kuwa najisi na kuamuru chombo alichokilamba kioshwe mara saba, mara moja katika hizo kwa udongo. Familia isiyofuga mbwa inaweza kuamini kwamba habari za minyoo ya wanyama haziihusu, wakati paka wa jirani huufanya mchanga wa ujenzi uliorundikwa mlangoni kuwa choo chake, na watoto huufanya mchanga huo huo kuwa uwanja wa michezo. Turubai la kufunikia mchanga usiku hufanya kazi ambayo kidonge hakiwezi kuifanya.

Minyoo ya safura ni midogo zaidi, isiyozidi sentimita mbili, na ndiyo sababu haionekani kwa urahisi kinyesini, lakini kwa wanyama wachanga ndiyo inayoua haraka kuliko mingine. Hung'ang'ania ukuta wa utumbo kwa meno na kunyonya damu, na inapohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine huacha vidonda vinavyoendelea kuvuja. Kilebu, yaani mtoto wa mbwa, aliyenyonya lava nyingi kwa maziwa ya mama yake anaweza kufa kwa upungufu wa damu kabla yai hata moja halijaonekana katika kinyesi chake, hivyo kipimo cha maabara pekee hakiwezi kumwokoa. Kinachomwokoa ni jicho la mfugaji anayefunua mdomo na kuona ufizi umekuwa mweupe kama chokaa, au kinyesi kimekuwa cheusi na chenye kunata. Minyoo hii ina njia nyingine ya kuingilia, nayo ni ngozi. Lava zake hukaa katika udongo na mchanga wenye unyevunyevu na kutoboa nyayo za mnyama, na pia nyayo za mtu anayetembea peku. Kwa binadamu lava hizo, hasa za aina iitwayo Ancylostoma braziliense, haziwezi kukomaa, bali hutangatanga chini ya ngozi na kuchora mstari mwekundu unaowasha vikali na kusogea kidogo kidogo kila siku. Safura ya binadamu yenyewe husababishwa na aina nyingine za minyoo, lakini mtu anayevaa viatu hujikinga na zote.

Madhara ya michango kwa binadamu yalichelewa kufahamika. Mwaka 1950, mtaalamu wa maradhi ya macho wa Marekani, Helenor Campbell Wilder, alichunguza macho 46 ya watoto yaliyokuwa yameondolewa kwa upasuaji, mengi kwa kudhaniwa kuwa na saratani, akakuta mabaki ya minyoo katika macho 24. Miaka miwili baadaye, Paul Beaver na wenzake katika mji wa New Orleans walieleza kuhusu watoto waliokuwa na maini yaliyovimba na homa zisizoeleweka, wakathibitisha kwamba lava za mchango wa mbwa ndizo zilizokuwa zikizunguka mwilini mwao. Mtoto anayemeza yai lililokomaa hapati mnyoo tumboni, kwa maana lava haimtambui kama mwenyeji wake wa asili. Hupata lava inayopotea njia, ikapita katika ini, mapafu, au, kwa bahati mbaya kubwa, jicho. Kenya ilianza mwaka 2009 mpango wa kitaifa wa kuwapa watoto dawa za minyoo shuleni, na mpango huo una manufaa yasiyopingika dhidi ya michango na safura za binadamu. Lakini mtoto huyo huyo anaporudi nyumbani hukuta ua ambao mbwa wake hajapewa dawa mwaka mzima, na dawa aliyoipata shuleni haikulengwa kwa minyoo hiyo. Ni jambo la kusikitisha kwamba afya ya mtoto na afya ya mbwa wake zinashughulikiwa na wizara mbili zinazokutana mara chache.

Tegu huja kwa njia tofauti kabisa, kwa sababu hawezi kukamilisha maisha yake bila kupitia mwili wa mnyama mwingine kwanza. Tegu wa kawaida wa mbwa na paka, Dipylidium caninum, hupitia kwa kiroboto: buu la kiroboto hula mayai yaliyodondoka kwenye matandiko, hukua likiwa na tegu mchanga ndani yake, na mbwa au paka anapojiuma kwa kuwashwa humeza kiroboto na tegu wake. Pingili za tegu huyu hutambaa zenyewe pembeni mwa mkundu na zikikauka hufanana na punje za mchele, na mfugaji anayeziona hana haja ya maabara. Anachohitaji kufahamu ni kwamba kidonge kitamwondoa tegu leo, na ikiwa viroboto wamebaki katika matandiko na nyufa za sakafu, pingili zitaonekana tena baada ya wiki chache. Wafugaji wengi hulaumu dawa kuwa ni bandia, kumbe waliacha mlango wazi. Onyo moja halina budi kutolewa hapa: dawa nyingi za viroboto na kupe zilizotengenezwa kwa ajili ya mbwa au ng'ombe zina kemikali iitwayo pemethrini, ambayo ini la paka haliwezi kuivunjavunja, na paka aliyepakwa dawa hiyo hutetemeka, hupata degedege na anaweza kufa.

Yupo tegu mwingine ambaye karibu hakuna mfugaji aliyewahi kumwona, naye ndiye mwenye kuleta msiba mkubwa kuliko wote waliotajwa. Echinococcus granulosus ana urefu wa milimita 2 hadi 7 tu, na mbwa mmoja anaweza kubeba maelfu yake bila kukonda wala kukohoa. Mayai yake hutoka na kinyesi, huliwa na kondoo, mbuzi, ng'ombe au ngamia malishoni, na ndani ya miili yao huota vifuko vya maji katika ini na mapafu; mnyama akichinjwa na mbwa akarushiwa ini hilo, maelfu ya vichwa vya tegu vilivyomo ndani ya kifuko hupata makao mapya. Binadamu huingia katika mzunguko huu kwa kumeza yai lililoganda kwenye manyoya ya mbwa, maji au mboga, na kifuko humwotea vilevile, kikikua polepole kwa miaka mpaka tumbo linapotuna. Kwa tegu, binadamu ni njia isiyo na mbele, kwa kuwa ini lake kwa kawaida haliliwi na mbwa. Kwa binadamu, kifuko kimoja kikipasuka ndani ya mwili, maji yake yanaweza kumuua kwa mshtuko au kupanda vifuko vingine vingi.

Kaunti ya Turkana, kaskazini-magharibi mwa Kenya, ilijulikana katika nusu ya pili ya karne ya ishirini kuwa miongoni mwa mahali palipoathirika zaidi duniani na ugonjwa huu. Uchunguzi wa George Nelson na Robert Rausch uliochapishwa mwaka 1963 ulionyesha namna tegu huyu alivyoenea kwa wanyama na watu nchini Kenya, na mashine za ultrasaundi zilipopelekwa nyikani katika miaka ya 1980, baadhi ya maeneo ya Turkana yalionekana kuwa na zaidi ya mtu mmoja mwenye vifuko katika kila watu ishirini. Sababu zake zilitokana na mazingira ya maisha, wala si uzembe wa watu. Mahali ambapo maji ni ya kutafutwa kwa mwendo wa saa kadhaa, mbwa ndiye aliyemlamba mtoto mchanga alipojichafua. Mahali pasipo machinjio wala shimo la kutupia taka, mnyama huchinjwa mbele ya nyumba na matumbo huwa haki ya mbwa. Na mbwa mwenyewe hulala ndani na watu kwa sababu ndiye mlinzi wa boma. Yeyote anayetaka kuwalaumu Waturkana kwanza na apime ni ndoo ngapi za maji angeweza kubeba jangwani ili kuosha mikono ya watoto wake.

Mwaka 1983 shirika la AMREF lilianzisha huko mpango wa kudhibiti ugonjwa huu, uliojumuisha upasuaji kwa wagonjwa, elimu kwa akina mama na wachungaji, kupunguza mbwa wasio na wenyewe na kuwapa dawa waliobaki. Huko pia ndiko matibabu yasiyo ya kisu yalikopata uzoefu mkubwa: matumizi ya albendazoli kwa wagonjwa, na baadaye utaratibu wa kudunga kifuko kwa sindano kwa kuongozwa na picha ya ultrasaundi, kufyonza maji yake, kuingiza dawa ya kuua vichwa vya tegu, kisha kufyonza tena. Kwa upande wa mbwa, dawa ni prazikwanteli, ile ile wanayoifahamu wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria kama tiba ya kichocho, na dozi yake moja huwaondoa tegu hawa kwa ufanisi mkubwa. Ugumu upo kwenye kalenda. Tegu huyu hukomaa na kuanza kutoa mayai takriban wiki sita baada ya kumezwa, kwa hiyo mbwa anayeendelea kula ini bichi angehitaji kidonge kila baada ya wiki sita, maisha yake yote, katika jamii inayohama kufuata malisho.

Iceland ya karne ya kumi na tisa ilikuwa katika hali isiyotofautiana sana na hiyo, ingawa baridi na bahari vilichukua nafasi ya jangwa. Mwanasayansi wa Denmark, Harald Krabbe, alifika huko mwaka 1863, akapasua mbwa 100 na kumkuta tegu huyu katika 28. Kijitabu cha maelezo kiligawiwa kwa familia, sheria ya kupunguza mbwa ikapitishwa mwaka 1869, na wafugaji wakazoea kufukia au kuchoma matumbo ya kondoo, muda mrefu kabla ya kupatikana kwa dawa yoyote ya kutegemewa. Ugonjwa ulipungua kizazi baada ya kizazi mpaka ukatoweka kisiwani. Wananchi wengi wa Iceland walijua kusoma, nao walikuwa kisiwani pasipo fisi wala mbweha wa nyika za Afrika, na faida hizo mbili hazipatikani Turkana. Lakini kitendo kilichouvunja mzunguko, yaani kumnyima mbwa ini bichi, kinawezekana popote. Ini na mapafu yenye vifuko yakichemshwa kwa nusu saa au zaidi huwa salama kwa mbwa, na mahali ambapo kuni ni adimu, shimo refu lililofunikwa kwa mawe hutosha.

Si minyoo yote inayokaa utumboni. Spirocerca lupi, ambaye mbwa humpata kwa kula mbawakawa wanaoviringisha mavi, au kuku na mijusi waliowala mbawakawa hao, hujenga vinundu katika umio, na mbwa hutapika chakula alichokimeza punde bila sababu inayoonekana. Mara nyingine vinundu hivyo hugeuka saratani. Minyoo mingine huletwa na mbu. Mwaka 1958, watafiti Buckley, Nelson na Heisch walieleza aina mpya ya minyoo waliyoikuta katika mishipa ya limfu ya paka, mbwa na kanu wa kisiwa cha Pate, na aina hiyo, jamaa ya karibu ya ile inayosababisha matende kule Asia, hadi leo hubeba jina la kisiwa hicho: Brugia patei. Dawa za kawaida za utumbo haziifikii minyoo ya aina hizi, na mnyama anayekohoa, anayechoka upesi au anayetapika mfululizo ni wa kupelekwa kwa daktari, si wa kuongezewa kidonge.

Kuhusu dawa zenyewe, kanuni ya kwanza ni mizani. Piranteli na fenibendazoli hutumika kwa minyoo ya mviringo, prazikwanteli kwa tegu, na vidonge vingi vya mbwa huchanganya mbili au tatu kati ya hizo, lakini zote hupimwa kwa kilo ya uzito wa mwili, na nusu ya dozi huacha hai minyoo iliyo sugu zaidi. Mwaka 2019 watafiti nchini Marekani walieleza kuhusu minyoo ya safura ya mbwa isiyosikia dawa za makundi matatu tofauti kwa pamoja, na habari hiyo inapaswa kumtia wasiwasi kila anayegawa kidonge kimoja kwa mbwa watatu. Kanuni ya pili ni kutotumia dawa za mbuzi na ng'ombe kwa kukisia. Aivameketini, ambayo iliwapatia William Campbell na Satoshi Ōmura Tuzo ya Nobel mwaka 2015, imewaokoa mamilioni ya watu na mifugo, lakini ile ya sindano ya ng'ombe ina nguvu iliyokadiriwa kwa mnyama wa kilo mia kadhaa. Tone la ziada humpofusha au kumzimisha mbwa mdogo, na mbwa wa jamii ya koli, pamoja na machotara wao, wengi wana kasoro ya kurithi inayoiruhusu dawa hiyo kuingia katika ubongo. Levamisoli ya mbuzi nayo ina nafasi finyu mno kati ya dozi inayotibu na dozi inayodhuru. Mafuta ya taa na tumbaku, ambavyo bado hunyweshwa mbwa katika baadhi ya vijiji, ni sumu kwa mnyama kabla ya kuwa sumu kwa mnyoo.

Mbwa na paka wazima wanaotoka nje na kuwinda hupaswa kupewa dawa angalau kila baada ya miezi mitatu, na palipo na maabara, kinyesi kipimwe kwa hadubini ili kujua ni minyoo gani inayotibiwa, ingawa hata hadubini haiwezi kutofautisha yai la Echinococcus na mayai ya tegu wengine wa jamii yake. Kwa familia za vijijini ambazo daktari wa mifugo yuko mbali, siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa ndiyo pekee ambayo mbwa wote wa kijiji hukusanyika mahali pamoja wakiwa wamefungwa kamba. Kenya ilijiwekea mwaka 2014 mkakati wa kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo 2030, na Tanzania imekuwa na kampeni za chanjo kwa miaka mingi katika vijiji vinavyopakana na Serengeti. Mbwa akiwa tayari ameshikwa, mizani ipo na mtaalamu yupo, gharama ya kuongeza kidonge cha prazikwanteli ni ndogo sana ikilinganishwa na gharama ya kuirudisha timu hiyo kijijini siku nyingine. Kidonge cha mara moja kwa mwaka hakitamaliza tegu wa wiki sita. Lakini mama aliyemshika mbwa huyo kamba atakuwa amesimama mbele ya mtaalamu kwa robo saa, naye anaweza kuonyeshwa ini lenye vifuko na kuelezwa lichimbiwe wapi siku ya kuchinja.